Binti Prejean na Kamera ya Ushahidi

Ukifika Port Arthur, Texas, ukamuuliza wakili yeyote nani wa kumrekodi shahidi mgonjwa asiyetarajiwa kuiona siku ya kesi, atakutajia jina moja: Corinne Prejean. Huenda akaongeza kwamba mwanamke huyo ana kichwa kigumu, kwamba kahawa yake inaweza kusimamisha kijiko, na kwamba usijaribu kumwambia ahamishe taa zake. Lakini jina atalitaja.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kule, kabla kesi haijasikilizwa na jaji, mawakili wa pande mbili huketi na shahidi katika chumba cha kawaida, wakamwapisha na kumhoji mmoja baada ya mwingine. Mwandishi wa mahakama hupiga chapa kila neno. Pembeni husimama mtu wa kamera, vidude vya kusikilizia masikioni, amemwelekezea shahidi lenzi kifuani na usoni, haisogezi wala haivuti karibu ili kunogesha machozi. Shahidi akifa kabla ya siku yake, video ile ndiyo itakayosimama kizimbani badala yake.

Corinne alianza na harusi. Alizipiga miaka mingi, za Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa kama yeye, za Wameksiko, za Wavietnamu wa kule ufukweni wanakovua kamba. Siku moja mvua ya Ghuba, bahari iliyo jirani na mji, ilishuka kama imetumwa, turubai la sherehe likaporomoka, watu wakakimbia na keki ikaelea. Corinne alibaki amesimama, kamera begani, maji yakimtiririka, akamrekodi baba wa bi harusi akimtoa mkwewe wa kiume chini ya turubai, ingawa alikuwa hajamsemesha tangu posa. Mjomba wa bi harusi alikuwa wakili. Wiki iliyofuata akampigia simu.

"Wewe mama, hujui kukimbia?"

"Nilikuwa kazini," akamjibu.

"Basi nina kazi ya kukaa tu. Utaiweza?"

Aliiweza. Alikwenda kusoma, akapata cheti, akanunua vinasa sauti vizuri na pazia la kijivu la kuning'iniza nyuma ya mashahidi. Sauti yake ikawa inajulikana: nzito, isiyo na haraka. "Sasa tunaanza kurekodi." "Sasa tunatoka kwenye rekodi." Baina ya maneno hayo mawili, hakuna aliyewahi kumsikia hata akikohoa. Na kutoka kwenye rekodi kulikuwa na sharti: mawakili wote wawili wakubali. Mjane angelia, mwana angesimama na kumkunjia ngumi, Corinne angebaki anatazama kioo cha kamera yake. Alikuwa na msemo wake: "Kamera haina shangazi." Alimaanisha haina ndugu wa kumpendelea. Watu walimwona mkavu. Yeye aliona kwamba ushahidi ukikatizwa na huruma ya mtu mmoja, mwingine atauita wa uongo.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Truett Hargis wa Beaumont, mji jirani, jitu la miraba minne lenye mikanda ya suruali mabegani, ambalo halikuacha kutafuna wala kuzungumza isipokuwa wakati wa kurekodi. Truett alikuwa akiwaambia mawakili kwamba taa za Corinne huwafanya mashahidi waonekane kama kamba wa mtoni waliochemshwa. Corinne alikuwa akijibu kwamba vinasa sauti vya Truett ni vizuri mno, hata tumbo lake linasikika likidai chakula cha mchana. Wakikutana mahakamani, walisalimiana kwa kebehi, kila mmoja akashika njia yake.

Kisha baba yake Corinne akaanza kukosa pumzi.

Mzee Alcide Prejean alikuwa amefanya kazi ya kufunga mabomba kiwandani, pale panaposafishwa mafuta. Kufunga ni kuyavika mabomba ya moto koti lisilopitisha joto, na siku za ujana wake koti hilo lilikuwa la asbesto. Alistaafu akiwa na afya ya ng'ombe. Alilima bamia, alipika, alicheza karata kanisani na kuwaibia mapadri waziwazi. Halafu ngazi tatu za mlango wa nyuma zikamshinda. Madaktari wa Houston wakampima, wakamwita Corinne naye aketi, wakasema ni saratani ya utando wa mapafu, na chanzo chake ni vumbi lile lile alilolivuta akiwa kijana.

"Naam," mzee akasema. "Limekuwa na subira kuliko mimi."

Wakili aliyeichukua kesi yao dhidi ya kampuni ya kiwanda alikuwa Lorena Ybarra, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa kasi, ambaye Corinne alikwisha kumfanyia kazi mara nyingi. Alifika nyumbani kwa mzee, mtaa wa pili kutoka kiwandani, akala wali na maharage mekundu, kisha akasema aliloliendea.

"Corinne, tumrekodi mapema. Sauti bado anayo. Sijui atakuwa nayo mpaka lini."

"Kesho nitaleta vifaa."

Lorena akaweka uma chini. "Wewe huwezi, dada. Wewe ni binti yake. Kanuni unaijua kunishinda mimi."

Corinne aliijua. Alikwisha kuwakumbusha mawakili wengine kanuni hiyo hiyo, ya kwamba ndugu wa mdai hagusi kamera. Kinyozi hajinyoi. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulipokea mezani kwa baba yako ni kingine. Alisikia mashine ya oksijeni ya mzee ikinguruma pembeni.

"Nitatafuta watu wa Houston," Lorena akasema.

"Watu wa Houston watakuja na kinasa sauti kimoja na haraka ya kurudi. Mpigie Truett."

"Truett Hargis? Si hamwivi chungu kimoja?"

"Simpendi," Corinne akasema. "Sauti zake ndizo nazipenda. Baba anaongea kwa kunong'ona siku hizi. Truett hatapoteza hata neno."

Siku ilipofika, Truett aliwasili mapema, ametota jasho, akayabeba masanduku yake yote mwenyewe. Mzee Alcide alikuwa amekwisha kuvaa shati jeupe na kujipaka mafuta nywele zake chache. Alipoona pazia la kijivu likining'inizwa mbele ya picha za watakatifu na za wajukuu, akakunja uso.

"Sasa wewe bwana, unataka nionekane kama nimekamatwa nikiiba kuku?"

"Mzee, watakatifu wataruhusiwa kusikiliza," Truett akasema. "Ila wasionekane. Wakili wa upande wa pili atasema unawahonga wazee wa baraza watakaotoa uamuzi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Corinne, akiwa pembeni, alikuwa amekwisha kuona mambo mawili: kinasa sauti kilichobanwa shatini kilikuwa karibu na ukosi, kingekwaruza, na mashine ya oksijeni ingeingia katika kila neno. Akainuka, mkono mbele.

"Rudi kwenye kiti, dada," Truett akasema bila kugeuka. Akakishusha kinasa sauti kidole kimoja, kisha akaisukuma mashine chumbani, akaurefusha mpira wake kwa mwingine aliokuja nao mfukoni, akaufunga mlango na kuuziba upenyo kwa taulo. Mngurumo ukafa. Corinne akarudi kwenye kiti. Hakujua aiweke wapi mikono yake.

Wakili wa kampuni, Bwana Sloan, alikuwa mtu mstaarabu mwenye mvi. Alimpa mzee mkono, akamwambia akichoka aseme. Mwandishi wa mahakama akamwapisha. Kiyoyozi kikazimwa. Joto la Ghuba likaingia na kuketi pamoja nao.

"Sasa tunaanza kurekodi," Truett akasema, kwa sauti ya chini ambayo Corinne hakuwahi kuisikia kwake.

Lorena ndiye aliyetangulia. Mzee alieleza kazi kama mtu anayemfundisha jirani. Walikuwa wakimimina unga wa asbesto ndani ya ndoo, wakaukoroga na maji kama uji, wakaupaka kwenye viungo vya mabomba. Vipande vikavu walivikata kwa msumeno. Vumbi lilijaa hewani mpaka mwenzako ulimjua kwa kikohozi.

"Huku theluji haianguki," akasema. "Basi Krismasi tulifinyanga ule uji mabonge, tukarushiana. Msimamizi naye alirusha. Alikuwa na shabaha mbaya."

"Kuna mtu aliyewahi kukuambia vumbi hilo lina madhara?"

"Aliniambia mama yangu, lakini yeye alisema hivyo hata kuhusu besiboli."

Hata Bwana Sloan alitabasamu. Zamu yake ilipofika, akauliza kuhusu sigara. Mzee akakiri kwamba alivuta mpaka siku Corinne alipozaliwa, mkewe Odette alipompokonya pakiti hospitalini na kumwambia achague kitu kimoja cha kushika. Sloan akauliza kama mzee aliwahi kufanya kazi melini, ambako nako asbesto ilitumika. Hakufanya. Corinne alikuwa akizisikiliza hatua za wakili kama mtu anayesikiliza ngoma aliyoizoea. Alijua linalofuata.

"Bwana Prejean, kiwandani palikuwa na mahali pa kuogea?"

"Palikuwepo, pa wakubwa. Sisi tulirudi nyumbani hivyo hivyo, tumeng'aa kama wapishi wa mikate."

"Na nguo zako za kazi, nani alizifua?"

Hilo Corinne hakulitarajia. Mzee alitazama mikono yake.

"Mke wangu. Odette. Alizikung'uta kwanza, pale kwenye ngazi za nyuma, ndipo azitie majini. Alikuwa na nguvu, mwanamke yule. Akizipiga ukutani unaliona lile wingu. Na Corinne mdogo alikuwa akicheza pale pale chini, na mwanasesere wake."

Mwandishi wa mahakama aliendelea kupiga chapa.

"Odette alikufa kwa mapafu," mzee akaendelea, bila kuulizwa. "Daktari wakati ule alisema nimonia. Hakuvuta sigara hata moja maishani mwake. Nilipoambiwa ugonjwa wangu Houston, nikarudi nimekaa garini, nikahesabu mambo. Mimi ndiye niliyemletea. Kila jioni. Nilimletea mlangoni na akanibusu."

Uso wake ukavunjika. Kilio kilimtoka bila sauti, kwa kuwa pumzi ya kulilia hakuwa nayo, na mpira wa oksijeni ukamteleza puani.

Corinne alikuwa amesimama kabla hajajua. "Zima. Truett, zima hicho kitu."

Truett alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, jasho likimshuka shingoni. Mkono wake haukusogea. Akarudisha macho kwenye kioo.

"Nimesema zima."

Mawakili wakatazamana. Bwana Sloan akafungua mdomo, ilikuwa wazi kwamba angekubali. Hakuwa mtu wa kupenda kuona hayo. Lakini Lorena akamwinamia mzee.

"Bwana Prejean, ungependa tupumzike?"

Mzee aliurudisha mpira puani. "Hapana. Nikipumzika hapa sitarudi hapa tena. Corinne. Kaa, mama. Niache niseme."

Corinne akakaa. Hakuwa ameitwa "mama" mbele za watu tangu akiwa mtoto.

"Unaniuliza juu ya nguo, bwana," mzee akamwambia Sloan, na sauti yake, ndogo kama ilivyokuwa, ilisimama. "Nami nakujibu. Kama mtu mmoja tu angeniambia, msimamizi, mganga wa kiwanda, mfagiaji, yeyote, kwamba kilichomo kwenye suruali ile kitamuua Odette, ningeivua pale pale langoni. Ningepita mtaa mzima na chupi tu. Mchana. Majirani wacheke, padri anione. Kila siku ya Mungu. Hilo ndilo waliloninyima. Si fedha. Walininyima nafasi ya kwenda nyumbani na chupi."

Bwana Sloan alifunga jalada lake taratibu. "Sina swali zaidi."

Mawakili wakakubaliana. "Sasa tunatoka kwenye rekodi," Truett akasema, akataja saa, kisha akaketi juu ya sanduku lake na kujifuta uso kwa pazia la kijivu.

Baadaye alimkuta Corinne jikoni, akiosha sahani ambazo hazikuwa chafu.

"Naomba maji," akasema.

Hakumpa. "Ulinisikia nikisema zima."

"Nilikusikia. Na kamera ilikusikia."

"Baba yangu alikuwa anakata roho mbele yako."

"Alikuwa anasema, dada. Kukata roho ni kitu kingine." Akavuta kiti, kikalalamika chini yake. "Hebu niambie. Ungekuwa wewe kwenye kamera, na huyo ni baba yangu, ungezima?"

Corinne alifunga bomba. Alifikiri uongo, akauona hautamfaa. "Nisingezima."

"Ulinifundisha wewe, hujui tu. Nilikuwa mwandishi wa magazeti, nikaja kukutazama siku ya yule mjane wa mji wa Orange. Mwanawe alikutukana matusi yote ya Texas na mengine ya Louisiana. Nikasema, kazi ndiyo hii."

Akampa maji. Kisha akampakulia gumbo, ule mchuzi mzito wa kamba na soseji uliokuwa ukichemka tangu asubuhi, akamjazia wali, na alipomaliza akamwongezea bila kumuuliza.

Jioni hiyo alimsogezea baba yake mto mgongoni. "Kwa nini hukuniambia habari ya mama? Na ya zile ngazi?"

"Ningekuambia, ukafanya nini? Ukae kila asubuhi unalisikiliza kifua chako?"

"Nitalisikiliza sasa."

"Basi nenda kwa daktari, akusikilizie yeye. Ana mashine."

Alikwenda. Mapafu yake yalikuwa safi. Daktari akamtaka arudi kila mwaka, naye akaahidi, na ahadi hiyo ameitimiza. Alimweleza baba yake siku hiyo hiyo, na mzee, ambaye hakuwa akila tena, aliagiza kipande cha pai ya njugu, akakila chote.

Mzee Alcide alifariki kabla ya kesi kuanza, nyumbani kwake, padri aliyeibiwa karatani akiwa kando yake.

Mahakama ya Beaumont ilijaa. Bwana Sloan aliomba maneno ya Corinne, yale ya "zima", yaondolewe katika video, kwa kuwa hakuwa ameapishwa wala kuulizwa. Lorena akamgeukia Corinne aone atasemaje.

"Ana haki," Corinne akasema. "Yaondoeni. Mimi si shahidi."

Jaji akaamuru hivyo, na Truett akayakata kwa usafi hata usingejua palipokatwa. Kisha taa zikapunguzwa, na mzee Alcide akaonekana ukutani, mkubwa, shati jeupe, nyuma yake kijivu kitupu. Corinne aliketi safu ya nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani hakuitazama picha kuona kama mwanga uko sawa. Alimtazama baba yake. Na kila mnong'ono ulifika. Alipofika penye padri na chupi, mwanamke mmoja wa baraza alicheka kwa nguvu, akajiziba mdomo, kisha bega lake likaanza kutikisika kwa namna nyingine. Mwanamume aliyekaa jirani yake, fundi wa kuchomelea mwenye mikono yenye makovu, hakuyaondoa macho yake kwenye picha mpaka mwisho.

Baraza liliamua kwamba kampuni ilijua na haikusema. Kampuni ikatishia kukata rufaa, kisha ikaona heri iyamalize. Lorena alimkumbatia Corinne ngazini mwa mahakama, akamuuliza kama wafungue na ya mama yake.

"Tuifungue," Corinne akasema. Na waliifungua.

Hakuwa laini baada ya hapo. Wajane bado wanalia, na kamera yake haizimiki mpaka wawili wakubali. Ila sasa, kabla hajafungua sanduku, anawaalika ndugu jikoni, mawakili wote wakijua, na kuwaambia wazi: "Mimi si wa upande wenu wala wa wale. Patafika mahali mtataka nizime, na sitazima. Mtanichukia kidogo. Nichukieni tu, lakini kaeni." Wengi hukaa.

Truett alimsubiri siku ile ya uamuzi chini ya ngazi za mahakama, mikanda imelegea, mkononi mkate wenye soseji ndani.

"Nimefikiri," akasema. "Wewe una macho, mimi nina masikio. Tuunganishe kazi."

"Na kwenye kibao, jina la nani litatangulia?"

"Tufuate alfabeti. Ni haki."

"H inatangulia P, Truett."

"Ndiyo maana nikasema ni haki."

Corinne aliuchukua ule mkate mkononi mwake, akaumega, akala akitafuna bila haraka huku jitu likimngoja. Ukipita leo barabara kuu ya Port Arthur, kwenye jengo la matofali karibu na ofisi ya posta, utakiona kibao kipya. Kimeandikwa Prejean na Hargis.